Toleo Jipya Limetoka? Angalia Linki Kabla ya Kupakua

Ujumbe umeingia kwenye grupu ya chama: "VLC mpya imetoka, ni ya bure, bonyeza hapa." Ni kweli VLC ni ya bure, na matoleo mapya hutoka mara kwa mara. Lakini hiyo linki inakupeleka kwa nani?

Programu kama VLC, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Tapeli anaweza kuinakili, aongeze vitu vyake ndani, kisha aisambaze kwa jina lile lile. Ukiiruhusu isome SMS, inaweza kuona namba za uthibitisho unazotumiwa na benki. Ukiiwashia huduma ya Ufikivu, inaweza kuona skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako. Hapo pesa ziko hatarini.

Soma linki hivi

Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Mwenye tovuti anajulikana kwa maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo:

- get.videolan.org/ ni ya VideoLAN, watengenezaji wa VLC.
- videolan.org.example.com/ si yao. Ni ya example.com.

Alama ya kufuli isikudanganye. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa, haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Linki iliyofupishwa nayo haionyeshi inakoelekea, kwa hivyo iache.

Njia salama

Andika mwenyewe videolan.org kwenye kivinjari, kisha ufuate linki ya pale hadi Google Play. Faili ya .apk uliyotumiwa WhatsApp usiifungue, hata kama imetoka kwa ndugu yako. Huenda naye alitumiwa tu.

Ukitaka kuwajulisha wenzako, tuma linki ya ukurasa wa watengenezaji, usitume faili. Ukurasa husasishwa, lakini faili hubaki ile ile ya zamani.

Umeshaiweka tayari?

1. Zima data na Wi-Fi.
2. Toa laini, uiweke kwenye simu nyingine, kisha ubadilishe PIN.
3. Pigia huduma kwa wateja na benki yako.
4. Ondoa programu hiyo. Ikikataa kutoka, peleka simu kwa fundi unayemwamini kabla ya kurudisha laini.

Na kumbuka: PIN ni yako peke yako. Programu ya kuchezea video haina haja nayo.