Kwa nini mwana mpotevu alilala njaa?

Waulize waumini swali dogo: yule kijana wa Luka 15, aliyeishia kulisha nguruwe na kuyamezea mate maganda yao, alifikaje kwenye njaa ile? Wengi watakujibu bila hata kufungua kitabu. Mark Allan Powell, mtaalamu wa Agano Jipya aliyefundisha kwa miaka mingi katika seminari ya Kilutheri ya Trinity huko Columbus, Ohio, aliligeuza jambo hilo kuwa utafiti. Majibu aliyoyapata katika nchi tatu yanatufundisha hemenutiki, yaani elimu ya namna tunavyofasiri maandiko, zaidi kuliko vitabu vingi vinene vya somo hilo.

Alianza na wanafunzi 100 wa Marekani. Waliusoma mfano, wakafunga Biblia, kisha wakausimulia upya kwa kumbukumbu. Wote 100 walitaja kwamba kijana alitapanya mali. Njaa kuu iliyoingia katika nchi ile ya mbali ilitajwa na watu 6 tu. Baadaye, akiwa St. Petersburg, Urusi, alirudia zoezi lilelile na watu 50. Huko 42 waliikumbuka njaa, na waliokumbuka kutapanya mali walikuwa 17. Mji huo ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia 1941 hadi 1944, na mamia ya maelfu ya raia wakafa, wengi wao kwa kukosa chakula. Familia zilizopitia hayo haziwezi kuipita njaa katika hadithi kana kwamba ni hali ya hewa tu.

Kisha akaja Tanzania, akawauliza wanafunzi wa teolojia moja kwa moja: kwa nini kijana huyu alikuwa na njaa? Jibu la wengi halikuwa ubadhirifu wala njaa kuu ya nchi ile. Walisema ni kwa sababu hakuna mtu aliyempa chakula.

Fungua sasa sura yenyewe. Mstari wa 13 unasema alitapanya mali yake kwa maisha ya anasa. Mstari wa 14 unasema njaa kuu iliingia nchi ile. Mstari wa 16 unasema alitamani kushiba maganda ya nguruwe, wala hapakuwa na mtu wa kumpa kitu. Kila kundi limeshika mstari wake, na hakuna lililotunga jambo ambalo Luka hakuliandika. Sababu zote tatu zimepangwa mfululizo ndani ya mistari minne, lakini msomaji mmoja mmoja anaondoka na moja, tena akiwa na hakika kwamba hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Tusikimbilie kusema kwamba Watanzania ni wakarimu na Wamarekani ni wachoyo. Zoezi la Marekani lilipima kumbukumbu, la Tanzania liliomba sababu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Cha kuangalia ni maelezo yanayofuata jibu. Kwa Wamarekani, kutapanya ndiyo dhambi, na toba ni kukiri umechezea fedha. Warusi waliona kupoteza fedha si kosa kubwa kiasi hicho. Kosa lilikuwa kuiacha familia na kudhani mtu anaweza kujitosheleza peke yake, na njaa ndiyo iliyomfumbua macho. Wanafunzi wa Tanzania waliitazama nchi yenyewe. Kijana yule ni mgeni, walisema, na mgeni hupoteza fedha kwa sababu hajui mambo ya huko yanavyokwenda. Torati inaagiza mgeni atunzwe. Kwao, lawama inaiangukia jamii iliyomwona mtu akigombea chakula na mifugo ikanyamaza. Ukishasikia hivyo, nyumba ya baba nayo inabadilika sura: si mahali pa msamaha tu, ni mahali ambapo hata vibarua wana chakula cha kusaza, kama kijana mwenyewe anavyokumbuka katika mstari wa 17.

Matokeo hayo yanagongana na tumaini la zamani. Wataalamu wa karne ya 19, hasa wa Ujerumani, walitumaini kwamba msomaji makini anaweza kujivua utamaduni wake na kuisikia sauti ya mwandishi ikiwa safi. Walikuwa na sababu ya kutaka hivyo. Mababa wa Kanisa walikuwa wamegeuza mifano ya Yesu kuwa mafumbo ambamo kila kitu kina siri yake. Kwa Augustino, kaka mkubwa ni Wayahudi, mdogo ni watu wa mataifa, na ndama aliyenona ni Kristo mwenyewe. Mmoja wa wataalamu hao, Adolf Jülicher, alianza mwaka 1886 kuchapisha kazi yake kubwa juu ya mifano, akasisitiza kwamba kila mfano una hoja moja kuu, basi. Alifagia takataka nyingi, ingawa naona alifagia na vitu vya ndani. Hadithi yenye baba, wana wawili, njaa, nguruwe na ugomvi wa urithi haikubali kubanwa katika hoja moja.

Mwaka 1960 Hans-Georg Gadamer, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika kwamba hakuna anayefika kwenye maandishi mikono mitupu. Tunakuja na dhana tulizorithi, na dhana hizo ndizo mlango wa kuingilia; kazi yetu ni kuzitambua na kukubali zisahihishwe na tunachosoma. Wengi walidhani hiyo ni falsafa ya mawinguni. Hesabu za Powell zimeishusha chini.

Hapo ndipo wachungaji na mapadre wengi wanaposhtuka: je, kila mtu sasa aisome Biblia apendavyo? Hapana. Mstari wa Yeremia 29:11, ule wa mipango ya amani na tumaini, umebandikwa kwenye vioo vya daladala na kalenda za ukutani kama ahadi ya kupata kazi au nyumba mwaka huu. Ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10, ambao haubandikwi popote, unawaambia watakaa miaka 70 kabla ya kurudi. Mtihani ni huu: je, tafsiri inasimama juu ya maandishi yenyewe? Jibu la wanafunzi wa Tanzania linaupita kwa sababu lina mstari wake na linapatana na hadithi nzima. Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, alishindwa mtihani huo. Alikataa katakata kwamba mwana mpotevu anaweza kuwa Mkristo, kwani hapo mzinzi na mwasi wa imani wangedai nao kupokewa upya, jambo ambalo yeye hakulitaka. Alijua kwanza anachokikataa, kisha akaupangia mfano maana.

Hata wanaotafuta mazingira halisi ya Yesu hawaponi na mtego wa dhana zao. Kenneth Bailey, aliyeishi miongo kadhaa Mashariki ya Kati, aliwauliza wanavijiji kama waliwahi kusikia mtoto akidai urithi baba akiwa hai. Wakamwambia haiwezekani, huko ni kumtakia baba kifo. Katika kitabu chake cha 1976 akauchora mfano upya: mzee anayekimbia barabarani kumlaki mwanawe anajidhalilisha mbele ya kijiji kizima. Mahubiri mengi ya leo yanatoka hapo, hata kama mhubiri hajawahi kulisikia jina la Bailey. Lakini Amy-Jill Levine, mtaalamu Myahudi wa Agano Jipya, katika kitabu cha 2014 alihoji picha hiyo. Baba wa Kiyahudi kumpenda mwana mkorofi halikuwa jambo la ajabu kwa wasikilizaji wa Yesu, anasema, na tukiwafanya Wayahudi kuwa wakali ili Mungu wa Yesu aonekane mpya, tunawasingizia. Kitabu cha hekima cha Kiyahudi cha Yoshua bin Sira, sura ya 33, kinawaonya wazee wasigawe mali wangali hai. Onyo kama hilo hutolewa pale ambapo watu walikuwa wakifanya hivyo. Mimi naegemea upande wa Levine hapa: wanavijiji wa karne ya 20 ni mashahidi wazuri wa karne ya 20.

Na kuna kipofusho kingine kinachotupata sote: kichwa cha habari. Luka hakuandika popote kwamba huu ni mfano wa mwana mpotevu. Maneno hayo yamewekwa na wahariri. Yeye anaanza na mtu mwenye wana wawili. Tena sura nzima imeanza na manung'uniko: Mafarisayo na waandishi wanalalamika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi. Ukiusikia mfano kama jibu kwa manung'uniko hayo, kaka mkubwa anatoka pembeni. Anasimama nje, anakataa kuingia, na Luka hatuambii kama aliingia.

Jambo ambalo Powell hakuliuliza, na ambalo ningependa kulisikia likijadiliwa katika jumuiya zetu ambako kesi za mashamba ya urithi hazikauki mahakamani, ni hili: ndama yule aliyechinjwa mdogo aliporudi alikuwa wa nani? Mstari wa 12 unasema baba aliwagawia wote wawili. Kwa Kumbukumbu la Torati 21:17 mzaliwa wa kwanza hupata mafungu mawili, kwa hiyo mdogo alikwisha kuondoka na theluthi yake. Kilichobaki nyumbani, pamoja na ndama, pete na joho, kilikuwa urithi wa kaka. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi wa karibu mwaka 200, inaeleza kwamba baba aliyemwandikia mwanawe mali haruhusiwi kuiuza, lakini mwana naye hakabidhiwi hadi mzee afe, na mavuno ni ya baba. Kwa hiyo baba ana haki ya kuchinja, na kaka ana haki ya kuuma meno. Mzee anapomwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake, anasema kweli tupu ya kisheria, na ni kweli hiyohiyo inayomchoma mtu ambaye hajawahi kupewa hata mwana-mbuzi.