Maji Yapozayo Vali za Redio na Istilahi Zake

Mfasiri akutanapo na maelezo ya mtambo wa kurushia matangazo, neno la kwanza kumtatiza ni "vali". Ukurasa mmoja lina maana ya chombo cha kioo au kauri kisicho na hewa ndani, ambamo elektroni huruka kutoka kathodi hadi anodi na kukuza mawimbi ya redio; ukurasa wa pili ni kifaa cha kufungulia na kufungia maji. Mtambo upozwao kwa maji una vyote viwili, hivyo agizo la "funga vali" halitoshi. Yafaa cha kwanza kiitwe vali-elektroni na cha pili koki, kama mafundi bomba waitavyo.

Radio Tanzania, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilipaswa kuwafikia wasikilizaji wa mbali kama wa Mutuka, Babati, na kazi ya namna hiyo hudai nguvu nyingi. Tuseme vali-elektroni yatoa kilowati 100 kwa ufanisi wa asilimia 70. Kilowati 43 hivi hubaki kuwa joto, aghalabu katika anodi. Vali ndogo hutosheka na feni. Kwa joto kubwa kama hili maji hufaa zaidi.

Njia ya kwanza ni kuyapitisha maji kwa pampu. Yakiruhusiwa kupanda joto kwa nyuzi 10 tu, zitahitajika lita 61 hivi kila dakika. Njia ya pili, iliyoendelezwa Ufaransa katika miaka ya 1950, ni kuiacha anodi ichemshe maji. Mvuke hupanda, hupozwa, kisha hurudi ukiwa maji. Hapo lita moja na kidogo igeukayo mvuke kila dakika hutosha kuchukua joto lile lile. Wapishi walijua zamani: sufuria haiungui maadamu maji yamo.

Wengine huiita njia hii "upozaji kwa mvuke". Sikubaliani nao, kwani mvuke ni matokeo tu. Kinachonyonya joto ni kule kuchemka. "Upozaji kwa mchemko" ni istilahi iliyo sahihi zaidi. Vivyo hivyo, kupoza si kutia baridi. Maji yachemkayo kwa nyuzi 95 hivi, kama ilivyo kwenye mwinuko wa Babati, huipoza anodi barabara. Mfasiri aandikaye "maji baridi" amemdanganya fundi.

Kosa la hatari zaidi ni "maji safi". Mwalimu wa Mutuka asemapo maji ni safi, ana maana yanafaa kunywewa. Lakini anodi hubeba volti maelfu, na maji yaigusayo hupita katika mipira mirefu isiyopitisha umeme. Maji ya kisima, hata yakiwa maangavu kama kioo, huwa na chumvi. Katika Bonde la Ufa mengi yana floridi pia. Chumvi hizo hupitisha umeme, na umeme ukivuja ndani ya maji hula viungo vya bomba na huweza kumfikia fundi. Yatakiwayo ni maji yaliyokenekwa, au yaliyoondolewa ioni.

Gereji husema "maji ya betri". Jina hilo lieleweke, lakini lisiingizwe katika miongozo ya mitambo: fundi mmoja hulitumia kwa maji yaliyokenekwa, mwingine kwa tindikali.