Airisi si Yungiyungi: Maumbile ya Ua na Kalamu ya Mfasiri

Mfasiri wa fasihi ya Ulaya au Asia hukumbana mara kwa mara na ua liitwalo airisi. Kwa kuwa Kiswahili hakina jina la asili la ua hili, ni rahisi kushawishika kuliita yungiyungi na kuendelea na kazi. Makala haya yananuia kuonyesha, kwa kulichunguza ua lenyewe, kwamba njia hiyo ya mkato humpotosha msomaji.

Airisi ni jenasi yenye spishi zaidi ya 250, na asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia. Jina limetokana na Iris, mungu wa kike wa upinde wa mvua katika visaasili vya Kigiriki, nalo linasadifu: kuna airisi za zambarau, samawati, manjano, nyeupe na hata za kahawia. Yungiyungi huelea majini na majani yake ni mviringo. Majani ya airisi husimama wima kama panga, yamejipanga mfano wa upepeo, na aghalabu huchipuka kutoka tunguu lililolala ardhini kama tangawizi. Kweli, airisi ya manjano ya Ulaya hupenda kingo za mito, lakini haielei.

Ajabu kubwa imo katika ua. Lina vipande sita vyenye rangi: vitatu vya nje vimeinama, vitatu vya ndani kwa kawaida vimesimama. Juu ya kila kipande kilichoinama pametanda tawi linalofanana na petali, ambalo kwa hakika ni sehemu ya kiungo cha kike, na chini yake imejificha stameni moja. Nyuki hutua, hufuata michirizi inayoelekea kwenye nekta, kisha hujipenyeza. Mgongo wake hugusa kwanza stigma, iliyo kwenye kidomo cha tawi, na kuiachia chavua ya ua jingine. Ndipo afikie stameni na kupakwa chavua mpya. Atokapo kinyumenyume, hugusa upande wa kidomo usiopokea chavua. Kwa hiyo, ua moja hufanya kazi ya milango mitatu. (Mtunzi wa vitendawili angepata mali hapa.) Katika Mashariki ya Kati zipo airisi za rangi ya kiza zisizo na nekta kabisa, nyuki dume hulala humo usiku, na malipo ya malazi ni kubeba chavua.

Madhara ya kuchanganya majina yanadhihirika katika sanaa ya uchoraji. Mwaka 1889, Vincent van Gogh alichora airisi za bustani ya hospitali ya Saint-Rémy, Ufaransa, zikiwa zimeota kwenye udongo mkavu. Mchoraji wa mayungiyungi ni Claude Monet, na mayungiyungi yake yamo kidimbwini kule Giverny. Mfasiri anayeziita airisi za Van Gogh mayungiyungi amemtumbukiza msomaji katika kidimbwi cha mtu mwingine.

Pendekezo letu ni kutohoa, airisi, na pale matini inaporuhusu, kuongeza maneno machache kama vile "ua la majani ya upanga". Taswira hiyo si ngeni kwetu. Gladiola, ambayo jina lake la Kilatini lina maana ya upanga mdogo, ni ya familia moja na airisi, ina stameni tatu vilevile, na spishi yake moja yenye maua mekundu humea yenyewe kwenye miinuko ya Mlima Kenya na Kilimanjaro.