Kumchunguza mgombea si kumsengenya

Wapo Wakristo wanaouliza kama ni halali mtoto wa kanisa kufanya kazi katika shirika linalochunguza wagombea wa kisiasa. Je, si kazi ya kutafuta makosa ya watu? Tuieleze kwanza kazi yenyewe.

Shirika la namna hiyo halina chama wala halipigi kampeni. Hukusanya yale ambayo mtu alikwisha kufanya hadharani: alihudhuria vikao? Alipendekeza sheria gani? Alimwuliza waziri swali gani? Kule Kenya, Mzalendo inafuatilia wabunge tangu 2005. Kwetu Kongo, taasisi ya Ebuteli ina Talatala, inayofuatilia kazi ya Bunge la Taifa. Kwa Kilingala, talatala ni kioo.

Ni kazi ya subira. Mtafiti mwema hulinganisha ahadi na matendo, huhakikisha habari kwa zaidi ya shahidi mmoja, kisha humpa mhusika nafasi ya kujibu kabla ya kuandika. Hapo ndipo anapoachana na msengenyaji. Torati nayo haikuridhika na shahidi mmoja (Kumbukumbu la Torati 19:15).

Sisi wa Uvira tunaihitaji. Wakati wa kampeni, kutoka Kalundu hadi Kavimvira na katika bonde la Ruzizi, mara nyingi mgombea hujulikana kwa kabila lake na kwa fulana alizogawa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, CENI ilifuta kura za wagombea 82 nchini kwa sababu za udanganyifu na vurugu. Lakini mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 haukuuliza nyumba ni ya kabila gani. Nani aliwasemea waliopoteza watu na nyumba? Swali hilo ndilo la kumwuliza kila anayerudi kuomba kura.

Yethro alimshauri Musa achague viongozi wanaomcha Mungu na kuchukia mapato ya udhalimu (Kutoka 18:21). Mitume nao walitaka watu walioshuhudiwa kuwa wema (Matendo 6:3). Tutajuaje hayo bila kuuliza?

Anayeingia kazi hii akatae bahasha, asiwe na kadi ya chama, wala asimfichie ndugu wa kabila au wa kanisa lake. Nasi wachungaji tusimpe mgombea mimbari. Kijana anayeyaweza hayo, tumwombee na kumtuma.