Usasa na Milango ya Fahamu: Funzo la Lawino

Milango ya fahamu ni mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Usasa ulipoingia Afrika ya Mashariki uliibisha yote kwa pamoja. Aliyelieleza jambo hilo vyema ni mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek (1931–1982), katika "Wimbo wa Lawino", uliochapwa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966.

Lawino ni mke wa Kiacholi anayedharauliwa na mumewe msomi, Ocol. Hajibu kwa nadharia, bali kwa yale ayaonayo na kuyagusa: poda usoni mwa mpenzi mpya wa mumewe, jiko la umeme linalomtisha, dansi ya kukumbatiana. Saa ya ukutani kwake ni kitendawili, kwani mtoto hunyonya aliapo, si akrabu ifikapo mahali fulani.

Hata hivyo Lawino hawakatazi wageni desturi zao. Hataki zake zing'olewe.

Jambo hilo laihusu kila familia inayohama. Askari hupata uhamisho, mkewe akafunga vyombo. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, yamepokea watu wa Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia. Huko, kama katika nyumba za Nyamityobora mjini Mbarara, nyumba ya zamani haikubebeka, ladha ilibebeka.

Basi, ndugu wasomaji, jiko jipya litumieni bila haya. Lakini chakula cha bibi kipikwe humo, na mtoto aambiwe jina lake kwa lugha ya kwao.