Zambarau ukutani: Si lazima keja yako ya Membley ibaki krimu

Ingia nyumba ya kupanga hapa Membley, iwe ni fleti mpya au bangaloo ndani ya geti, na mara nyingi utapokelewa na ukuta wa krimu. Wenye nyumba wanaipenda krimu kwa sababu haimfukuzi mpangaji yeyote. Lakini wewe unayelala na kuamka ukiitazama, kwani ni sare ya shule?

Kama umeichoka, kuna rangi moja ambayo wengi huiogopa bure: zambarau iliyokolea, ile yenye joto ndani yake.

Jina lenyewe halijatoka mbali. Zambarau ni tunda, lile dogo linalokuacha na ulimi wa rangi nyingine ukilila. Ila zambarau haziko sawa, na Ruiru tunazo mbili. Ya kwanza ni ya maua ya mjakaranda, yanayofunika barabara kuanzia Septemba hivi. Hiyo ina ubuluu mwingi, ni baridi. Ya pili ni ya buni iliyoachwa mtini hadi ikapitiliza kuiva, wekundu ukakaribia weusi. Hiyo ndiyo tunayoitafuta. Na hapa iko nyumbani kabisa: kituo cha utafiti kilichotupa kahawa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985 kiko papa hapa Ruiru, kwenye shamba ambalo serikali ya mkoloni ililinunua 1944. Jina la shamba hilo? Jacaranda.

Kuna watakaokuambia hiyo ni rangi ya wafalme, au ya padri wakati wa Kwaresima. Ni kweli zamani ilikuwa ghali, ikikamuliwa kutoka kwa konokono wa baharini. Lakini mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini haikupatikana. Alichopata ni uchafu mweusi uliotoa rangi ya zambarau. Tangu hapo rangi hii ikaanza kuwa ya kila mtu, hata wewe wa bedsita.

Ukuta mmoja unatosha

Usipake chumba kizima. Chagua ukuta mmoja, ule wa nyuma ya kitanda au wa nyuma ya sofa, na kuta nyingine ziache na krimu yake. Krimu na zambarau yenye joto zinaelewana vizuri, pamoja na mbao, makuti, vikapu vya kiondo na mimea ya kijani.

Hesabu yake ni rahisi. Ukuta wa mita 3 kwa mita 2.7 ni kama mita 8 za mraba. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita 10 kwa mkono mmoja. Rangi iliyokolea huhitaji mikono miwili, mara nyingi mitatu. Kwa hivyo kopo la lita nne linakutosha na kubakisha ya kuziba mikwaruzo.

Ukienda hadwea, usikubali uchanganyiwe zambarau kwenye rangi nyeupe ya kawaida. Itatoka kama maziwa ya mala ya stroberi. Rangi nzito huchanganywa kwenye msingi wake maalumu, usio na weupe mwingi. Nunua pia kopo dogo la kujaribia, upake kipande cha kadibodi, kisha ukisimamishe ukutani asubuhi, jioni na usiku.

Usiku ndio mtihani. Balbu yenye mwanga mweupe wa buluu huifanya zambarau ionekane kama kijivu cha hospitali. Weka balbu yenye mwanga wa manjano, na ukuta uleule unageuka divai.

Kabla ya hayo yote, pitisha kiganja sehemu ya chini ya ukuta. Ukitoka na unga mweupe, hiyo ni chumvi inayoletwa na unyevu. Kwenye krimu haionekani sana, kwenye zambarau itakuaibisha mbele ya wageni. Unyevu utibiwe kwanza, ukuta ukauke, ndipo msasa na rangi vifuate. Na kwa vumbi hili letu jekundu, chagua rangi yenye mng'ao kidogo inayopanguseka kwa kitambaa.

Dipoziti yako

Hapa ndipo mambo yanapokuwa moto. Namjua dada mmoja wa mtaa huu aliyepaka ukuta mmoja tu baada ya keyateka kumwambia "hakuna shida". Alipohama, keyateka hakuwepo tena, na ajenti akamkata pesa za kupaka nyumba nzima. Hakuwa na karatasi wala ujumbe wa kuonyesha.

Usidhani kuna ofisi itakayokukimbilia haraka. Sheria ya kudhibiti kodi inalinda nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, na nyumba ya bei hiyo Membley utaitafuta kwa tochi. Kinga yako ni makubaliano yako.

Kwa hivyo omba ruhusa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp kwa mwenye nyumba au ajenti mwenyewe. Taja ukuta upi, rangi gani, na kwamba utaurudisha ulivyokuwa. Piga picha kabla ya kupaka. Uliza jina na namba ya ile krimu iliyopo. Halafu, kabla hujanunua zambarau, muulize fundi gharama ya kuifunika: rangi ya chini moja, na krimu mikono miwili au mitatu. Tenga hizo pesa kando leo.

Ukiona jumla hiyo inakuuma, tundika pazia zito au kitambaa kikubwa cha zambarau, kwanza upate raha bila deni. Ukiona unaiweza, ita fundi. Kodi unalipa kila mwezi, na walau ukuta mmoja ufanane na wewe.