Macho mekundu pichani, na macho ya ng'ombe wa Masisi

Mtu akipigwa picha jioni na ng'ombe wake kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, flashi moja hutoa rangi mbili: macho ya mtu huwa mekundu, ya ng'ombe hung'aa kijani au buluu. Kamera inajua kusahihisha macho ya mtu. Ya ng'ombe kwa kawaida huyapita tu.

Gizani mboni hupanuka hadi milimita 7 au 8. Flashi huwaka na kuzima kabla mboni haijapata nafasi ya kusinyaa, hivyo mwanga huingia, hugonga nyuma ya jicho palipojaa mishipa ya damu, kisha hurudi njia ile ile. Katika kamera ndogo flashi iko karibu mno na lenzi, nayo lenzi huupokea mwanga huo. Wekundu ule ni damu ya mwenye jicho. Ng'ombe, mbuzi, paka na komba wana utando nyuma ya retina unaorudisha mwanga ili waone vizuri usiku. Gorila wa misitu ya Walikale, jirani na Masisi, hana utando huo, kama sisi tusivyo nao.

Mwaka 1995 Kodak ilipata hataza Marekani ya kusahihisha kasoro hii kwa kompyuta, na leo kazi hiyo imo ndani ya kamera yenyewe. Fungua picha, ingia kwenye menyu (kwa Kifaransa tafuta «yeux rouges»), uthibitishe. Kamera hutafuta uso, kisha macho, kisha doa la mviringo ambalo namba zake za nyekundu zimezidi sana za kijani na buluu. Huzishusha zilingane na hizo nyingine, mboni ikawa nyeusi, na nukta nyeupe ya mng'ao huachwa, maana bila hiyo jicho huonekana limekufa. Wakati mwingine hukosea na kufifisha shanga au hereni nyekundu.

Saketi zinazopiga hesabu hizo hushikwa kwa lehemu ya bati, na nyingi hutegemea kapasita za tantalumu. Machimbo ya Rubaya, Masisi, hutoa takriban asilimia 15 ya tantalumu ya dunia. Bisie, Walikale, takriban asilimia 6 ya bati. Kabla ya barabara kufika Bisie, wapagazi walibeba kasiteriti, madini yanayotoa bati, mgongoni kupitia msituni hadi Ndjingala. Wanaochimba na kubeba madini haya wanastahili kujua yanafanya kazi gani.

Kamera ikiuliza ihifadhi nakala mpya au ifute picha ya awali, chagua nakala mpya, hasa kwa picha za watoto. Wekundu katika macho yote mawili ni dalili njema: mwanga umefika nyuma ya jicho bila kizuizi. Mtoto akitokea na jicho moja jekundu na jingine jeupe, huenda ni pembe tu ya flashi, lakini huenda pia ni mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano na ambayo hutibika vizuri ikigunduliwa mapema. Kamera italifanya jeusi lile jekundu, ambalo ndilo zima, na tofauti itapungua machoni pa mzazi. Mpeleke mtoto kwa daktari wa macho bila kukawia, na umwoneshe picha ile ambayo haijasahihishwa.